Sukari Chini ya Unga

Kabla hakujakucha nilisikia sukari ikimwagwa kwenye sinia. Aliyezeeka jikoni haupotezi mlio huo. Mchele hugonga, unga hausemi kitu, sukari hunong'ona.

Nilidhani ni Isaro, binti yangu, amerudi kutoka kazini. Isaro anahudumia wazee usiku katika nyumba moja huko Gahanna, karibu na Columbus, na akirudi hutembea kwa ncha za vidole ili asiniamshe, ingawa anajua kwamba niko macho. Lakini viatu vyake havikuwa mlangoni. Nikajifunga kitenge, nikaenda kuona.

Alikuwa Cyubahiro, mjukuu wangu, mtoto wa marehemu mwanangu Muhoza. Alikuwa amefika jana yake kwa basi kutoka Buffalo, na siku hiyo tulikuwa twende pamoja Louisville kumaliza kilio cha rafiki yake Theogene. Alikuwa ametandaza sukari kwenye sinia langu la kuchagulia mchele, nyembamba na sawasawa, na sasa alikuwa akichekecha unga wa mahindi juu yake kwa chujio la chai. Alifanya taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

Nilimuuliza kama ana njaa. Akasema hapana, Nyogokuru. Hivyo ndivyo tunavyomwita bibi kwa lugha ya nyumbani. Sikuuliza mara ya pili. Nimemlea mtoto huyu tangu akiwa na meno manne, na najua ukimuuliza mara mbili anajifunga. Nikavuta kiti nikakaa.

Unga ulipofunika sukari yote, akainua upande mmoja wa sinia. Unga ukatulia. Akainua tena kidogo. Ukatulia bado, mpaka nikadhani umeshikana. Halafu ufa ukapita juu, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na unga wote ukashuka pamoja, kipande kimoja, ukamwagika mezani. Sukari ilibaki kwenye sinia ikimeta.

"Ilikuwa hivi," akasema. "Nataka kumwonyesha Mama Theogene. Maneno sina."

Nikamwambia maneno anayo, ila hajayatoa. Basi akakaa, akanieleza, mikono yake ikiwa imejaa unga, na mimi nilisikia kwa mara ya kwanza yale ambayo hakuwa amemwambia mtu tangu Theogene alipofariki Februari.

Lazima niseme kwanza kwa nini watu wetu walikuwa mlimani. Sisi tuliotoka nyanda za juu za Kivu ya Kusini, tukiwa na jambo zito la kumwomba Mungu, hupanda mlima. Tumezoea hivyo. Hapa Columbus ardhi imelala kama mkeka, na kuna kina mama wa mtaa wa Northland ambao hupanda ghorofa ya juu ya maegesho ya magari, wakaomba huko alfajiri kati ya magari. Mimi mwenyewe nimekwenda. Kwa hiyo makanisa yetu ya Louisville, Columbus na Buffalo yalipokodi nyumba kubwa katika milima ya kaskazini mwa jimbo la New York, mwendo wa saa nyingi kutoka Buffalo, watu walifurahi kweli. Hatimaye tulikuwa na mlima.

Cyubahiro alikuwa na furaha kuliko wote, maana milima ile aliijua. Anaishi North Buffalo kwa shangazi yake mwingine, anafanya kazi katika ghala la bidhaa, na mwenzake mmoja wa kazini ndiye aliyemzoesha kwenda huko wakati wa theluji na viatu vile vipana vinavyomzuia mtu asizame. Alipenda mpaka akaenda kujifunza kwa watu wanaoisoma theluji. Alikuwa akinipigia simu kunieleza. Alisema theluji haiangukii ardhini ikawa kitu kimoja. Inalala tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka linakumbuka hali ya hewa ya siku lilipoanguka. Mimi nilikuwa nasema ndiyo, ndiyo, huku nakata vitunguu.

Mwaka huu, kabla ya safari ile, kulikuwa na baridi kali bila mawingu. Theluji iliyokuwa chini ilikauka ikawa punje punje, haishikani, ndiyo sukari. Halafu walipofika ikaja dhoruba ya siku mbili, theluji nzito yenye upepo, na upepo ukaikomba upande mmoja wa mlima ukaenda kuilundika upande mwingine. Huo ndio unga. Asubuhi baada ya dhoruba jua likatoka, anga likawa la buluu, kila mtu akasema Bwana asifiwe.

Mzee Rudasingwa wa kanisa la Louisville ndiye aliyeongoza maombi. Ni mtu mwema, nasema kweli. Mwaka tuliofika Marekani alitusafirishia magodoro kutoka Louisville hadi hapa, akayapandisha ngazi kwa mgongo wake mwenyewe. Alichunga ng'ombe milimani tangu utoto. Aliona juu ya ile nyumba sehemu moja wazi, nyeupe, isiyo na miti, akasema pale ndipo tutakapoombea.

"Nilijua kwa nini haina miti," Cyubahiro akaniambia. "Miti ilishachukuliwa. Pale ndipo theluji inaposhukia."

Kulipopambazuka alikwenda kuipima. Alipanda hadi karibu na ule mteremko, mahali pasipo na hatari lakini palipoelekea upande ule ule, akachimba shimo mpaka karibu na ardhi. Akakata nguzo ya theluji, akaitenganisha na nyingine pande zote. Halafu unaweka beleshi juu ya nguzo na kulipiga kwa kiganja. Kwanza unapiga kwa nguvu za kifundo cha mkono tu. Isipovunjika unapiga kwa nguvu za kiwiko. Isipovunjika, kwa nguvu za bega zima. Ikishinda bega, mlima unaweza kukubeba, ingawa hakuna anayeapa. Yeye alikuwa bado kwenye kifundo cha mkono. Nguzo ilikatika chini, kwenye ile sukari, ikatoka mbele kama droo ya kabati. Na waliporudi walisikia mlio chini ya miguu, mzito, kama mtu ameangusha gunia chumba cha pili. Theluji ilikuwa inakaa chini yenyewe.

Nikamuuliza, "Waliporudi nani?"

Akaangalia unga mezani.

"Theogene alikuwa na mimi," akasema. "Yeye ndiye aliyeshika beleshi."

Basi wakarudi kwenye nyumba. Watu wamejaa ukumbini, wanakunywa chai. Cyubahiro akamwendea Mzee Rudasingwa, akainama kidogo kama nilivyomfundisha, akasema, "Mzee, naona theluji haijatulia vizuri."

Mzee akajibu mbele ya wote, "Mjukuu wangu, hapa duniani umeona nini kilichotulia?"

Watu wakacheka. Mzee akaongeza kwamba yeye amezaliwa mlimani, amezalishia ng'ombe mlimani, na leo anaonyeshwa mlima na mtoto aliyekulia katika lifti. Wakacheka zaidi.

"Na mimi nikacheka, Nyogokuru," Cyubahiro akasema. "Hapo ndipo ninaporudi kila siku. Nilicheka."

Hakusema tena. Alijiambia atawaongoza kwa njia ya miti, atawapitisha mmoja mmoja, mmoja akifika ndipo mwingine aanze. Lakini nani atawaambia watu wanaoimba kwamba waachane? Walipofika ukingo wa pale palipo wazi, Mzee Rudasingwa alikwenda mbele akiimba, na Theogene alimfuata kumbebea mfuko, kwa kuwa mzee habebi akiwa na kijana. Ufa ukapita juu yao. Mzee alifunikwa hadi kifuani, mguu ukavunjika. Theogene alipelekwa hadi kwenye miti. Cyubahiro alichimba kwa beleshi, na alipokaribia alichimba kwa vidole ili asimuumize. Hakukuwa na mtu wa kuumizwa tena.

Yaliyofuata niliyaona kwa macho yangu. Kwenye mazishi Louisville, Mzee Rudasingwa aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, akasema mbele ya kanisa zima kwamba hakuna mtu aliyejua, Mungu peke yake. Cyubahiro alikuwa ameshika jeneza. Alinyamaza. Na tangu siku ile Vestine, mama yake Theogene, amekuwa akimtumia ujumbe wa sauti kila Jumapili, kumshukuru kwa kumtafuta mwanawe, kumwita mwanangu, kumuuliza kama amekula. Mjukuu wangu alikuwa na jumbe zile zote kwenye simu. Hakuweza kuzijibu wala kuzifuta.

"Anavyonishukuru," akasema, "ni afadhali angenipiga."

Nilifuta meza. Nilihitaji kitu cha kufanya. Siku ya kumaliza kilio kwetu ina utaratibu wake. Mzee anayeongoza huuliza, nani ana neno juu ya marehemu? Mwenye neno huliweka hapo. Baada ya hapo watu hunywa maziwa pamoja, na maneno ya kifo hicho hayafunguliwi tena mbele ya mama. Mama anarudi kazini, anavaa nguo za rangi. Kwa hiyo kama Cyubahiro hatasema leo, atakuwa amechagua kunyamaza mpaka kaburini, na Mama Theogene atakufa akimwombea baraka kwa jambo asilolijua.

Nilimwambia aseme. Lakini nikamwambia pia, "Sema la kwako. La Theogene liache. Marehemu hasemewi, na mama yule amebeba ya kutosha."

Akasema ndiyo, Nyogokuru. Ni mtoto msikivu sana.

Isaro alitoka kazini moja kwa moja akatuchukua, bila kulala, na alikuwa ameniwekea mto kwenye kiti cha mbele kwa ajili ya mgongo wangu. Alimwona mtoto amekaa nyuma amekumbatia mfuko wenye sinia, sukari na unga, akamwambia amekaa kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino. Tulipopita Cincinnati alikuwa ameshaelezwa. Akauliza kwa nini asimwambie Mama Theogene jikoni, wakiwa wawili? Mzee Rudasingwa ni mtu mzima, bado anatembelea fimbo, ataaibishwaje mbele ya watu wote?

"Shangazi, yeye alisema hakuna aliyejua mbele ya watu wote," Cyubahiro akajibu. "Na watu wote walinishukuru."

Tulipofika mtoni, karibu na Louisville, Isaro alisimamisha gari kwenye kituo cha mafuta, akamnunulia mkate na chai, akasimama pembeni yake mpaka alipomaliza.

Nyumba ya Mama Theogene iko ghorofa ya chini, katika majengo ambamo nusu ya wapangaji ni watu wetu. Viti vilikuwa vimeazimwa kwa majirani, kila kimoja cha namna yake. Alitupokea mlangoni. Alinikumbatia mimi, akamkumbatia Isaro, halafu akamshika Cyubahiro mikono yote miwili na kuviangalia vidole vyake kimoja kimoja. Kucha zake zilikuwa zimetoka siku ile kwa kuchimba.

"Zimeota," akasema, akafurahi kabisa. Akawaita wanawake waliokuwa jikoni waje waone. "Angalieni, kucha za mtoto wangu zimeota."

Nilimwona mjukuu wangu akifunga macho. Mfuko wenye sinia ulibaki kwenye gari. Hakuurudia.

Tulikula. Kulikuwa na bugali, nyama na mboga za lengalenga, na Mama Theogene alimtumia Cyubahiro paja la kuku alilokuwa amelificha kwenye sahani iliyofunikwa. Alikula lote. Nilijua kila tonge linavyopita.

Halafu Mzee Rudasingwa akasimama kwa fimbo yake. Amekonda. Aliomba kwa muda mfupi kuliko kawaida yake, akauliza, "Nani ana neno?"

Mama mmoja alisema Theogene alikuwa akimpeleka hospitali kila alipokuwa na miadi, na hakuwahi kukubali hata soda. Mwingine akasema ni kweli, lakini aliendesha kama anakimbizwa, na yeye alikuwa akifika hospitali akiwa na ugonjwa wa pili. Watu wakacheka kwa upendo. Mama yake pia akacheka, akifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Mzee akauliza tena kama kuna mwingine. Akawa anageuka kuelekea kwenye maziwa.

Cyubahiro akasimama. "Mimi nina neno," akasema, kwa sauti yake ile ya chini, ile niliyomlea nayo. Mtu wa nyuma akamwambia aseme kwa nguvu, hatusikii huku. Aliporudia, sauti ilikuwa kubwa mpaka mtoto mmoja mdogo akageuka kumtazama.

"Asubuhi ile nilijua. Nilikuwa nimeichimba theluji na kuipima, na ikakatika kwa kuguswa tu. Nilijua kwamba mteremko ule utashuka."

Mzee Rudasingwa akainua mkono.

"Bon. Mjukuu wangu, kaa chini. Hayo tulishayaweka mikononi mwa Mungu."

Mjukuu wangu akayumba. Nilimwona magoti yanaanza kukunjika, kwa mazoea tu. Alifundishwa kwamba mzee akisema kaa, unakaa.

"Mwache aseme," Mama Theogene akasema.

Akabaki amesimama.

"Nilisema mara moja tu, kama mtu anayeomba chumvi. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Halafu nikawaongoza njia. Mama, kila Jumapili unanishukuru kwa sababu nilichimba. Mimi nilipaswa kukaa mlangoni pa nyumba ile niwazuie, hata kwa kumtukana mtu mzima. Sikufanya hivyo. Niliona aibu."

Hakumtaja Mzee Rudasingwa. Watu walioikumbuka asubuhi ile walianza kutazama chini, mmoja baada ya mwingine, maana waliokuwa wamecheka walikuwa humo humo, wamekaa kwenye viti vya kuazima na sahani magotini.

Nilidhani Mzee ataomba ili tupite hapo. Maombi yanaweza kufunika mengi, na mimi nimeyatumia hivyo.

"Nilimsikia," akasema. "Donc, msimwachie yeye peke yake. Nilisikia alichosema, na nilimwona usoni kwamba anaogopa. Nikafanya mzaha kwa sababu sikupenda kufundishwa mlima na mtoto. Halafu nikasimama kanisani nikasema hakuna aliyejua."

Akataka kukaa, fimbo ikamponyoka ikaanguka. Cyubahiro ndiye aliyekuwa karibu. Aliiokota, akamwekea mkononi, akamshika kiwiko mpaka alipokaa. Hawakutazamana.

Mama Theogene alisimama, akaenda jikoni. Tukasikia maji yanafunguliwa. Hakuna aliyejua kama kilio kimekwisha au kimeanza upya. Mwishowe mwanamke mmoja mwenye busara alimimina maziwa kwenye vikombe akagawa, na watu wakanywa, kwa kuwa maziwa yakishamiminwa hayarudishwi. Kisha wakaanza kuondoka. Wengine walimpa Cyubahiro mkono. Wengine walipita kama hawakumwona. Kijana mmoja aliyekuwa mlimani siku ile alimkumbatia na kukaa naye hivyo kwa muda, na nilimwombea kijana huyo baraka ingawa simjui jina.

Nilikwenda jikoni. Mama Theogene alikuwa anaosha vikombe vilivyokuwa safi tayari. Nikachukua taulo nikaanza kukausha. Halafu akaniambia nimlete mjukuu wangu.

Cyubahiro alisimama mlangoni, hakuingia.

"Na Theogene?" akamuuliza, bado ameelekea kwenye maji. "Yeye alijua?"

Mjukuu wangu akanitazama. Nilijua anachotafuta usoni mwangu. Nilikuwa nimemwambia aliache hilo, na angeweza kusema sijui, Mama, na mimi ningemtetea mpaka mwisho. Niliinamisha macho kwenye kikombe. Sikumsaidia kwa upande wowote, na bado najiuliza ule ulikuwa upole au woga.

"Alijua, Mama," akasema. "Tulichimba pamoja. Beleshi alishika yeye."

Maji yalikuwa yanaendelea kumwagika. Mama Theogene akayafunga.

"Alisema nini?"

"Alisema, wewe ndiye umwambie Mzee. Mimi siwezi. Mama akisikia nimembishia mtu mzima mbele ya kanisa, atanitoa masikio."

Mama Theogene alitoa sauti ambayo sikujua kama ni kicheko. Akashika ukingo wa sinki kwa mikono yote miwili.

"Ningemtoa," akasema. "Kweli, ningemtoa."

Hapo tulikuwa watatu jikoni, na nadhani kila mmoja alikuwa anatazama kitu kile kile. Nilitaka kumwambia kwamba mimi pia nilimlea wangu hivyo hivyo, kwamba tuliwalea vizuri, kwamba watu wote walitusifia watoto wetu wasiojibu. Nilimshika bega tu, akaniacha nimshike.

Kisha akamgeukia Cyubahiro. Alimwambia asitegemee kuambiwa kwamba si kitu. Alimwambia kuanzia leo hatamtumia ujumbe wa Jumapili, na kwamba asishangae. Hakumgusa mikono. Mtoto akasema ndiyo, Mama, akainama, akatoka kwenda kumwamsha Isaro aliyekuwa amelala kwenye kochi na viatu vyake miguuni. Kuna mtu alikuwa amemfunika koti.

Tulikuwa tumeshaingia kwenye gari, na Isaro amewasha injini, nilipomwona Mama Theogene anakuja kwa kandambili katika ile baridi ya Aprili, amebeba bakuli la nyama lililofungwa kwa kitambaa. Akampa Isaro, akamwambia ale kabla ya kuendesha, akisinzia asimame, barabara haikimbii. Halafu akazunguka hadi dirisha la nyuma akaligonga. Cyubahiro akalishusha.

Alikuwa anavuta pumzi kama mtu aliyepanda ngazi.

"Wote wanaokuja hapa wananiambia mwanangu yuko wapi sasa," akasema. "Yuko kwa Baba, yuko mahali pazuri. Mimi nashukuru. Lakini ile asubuhi ya mwisho hakuna anayenipa. Wewe ulikuwa naye shimoni. Sijui aliamka saa ngapi. Sijui kama alikuwa amevaa ile kofia niliyomnunulia, wala kama alikunywa chai kabla ya kutoka."

"Alikuwa ameivaa," Cyubahiro akasema. "Chai alikunywa yangu pia."

Uso wa Mama Theogene ukakunjamana. Alitikisa kichwa haraka, akainua kiganja kumzuia.

"Si leo. Leo siwezi zaidi." Aliweka mkono kwenye ukingo wa dirisha, karibu na wa Cyubahiro lakini si juu yake. "Buffalo ni mbali, najua. Mwezi ujao njoo tena. Usije na watu, njoo wewe. Jumamosi siendi kazini, utanikuta."